Pembe za ndani na za nje za pembenyingi: mwongozo kamili wa daftarini na kiwanjani

Mwanafunzi anapofika kwenye mada ya pembenyingi, mara nyingi kitu cha kwanza anachopewa ni jedwali: pembetatu 180, pembenne 360, pembetano 540, pembesita 720. Analikariri vizuri. Kisha mtihani unamletea umbo la pande 15, au unamwambia pembe moja ya ndani ni nyuzi 156 na kumtaka ataje idadi ya pande, na jedwali linaishia njiani.

Ushauri wangu ni kuliweka jedwali kando na kuanza na pembe za nje. Vitabu vingi huziacha hadi mwisho wa mada, lakini ndizo nyepesi: jumla yake ni ileile kwa kila umbo, na za ndani zinapatikana kutokana nazo. Atakayeshika sehemu hii anaweza kujibu karibu kila swali la mada kwa kutoa na kugawanya tu.

Hatua ya 1: Zunguka kiwanja

Tuseme una kiwanja Uyole chenye kona tano, kila kona na bikoni yake, yaani alama ya mpaka iliyosimikwa ardhini. Simama kwenye bikoni ya kwanza, elekea ya pili, tembea ukifuata mpaka huku kiwanja kikiwa kushoto kwako. Ukifika bikoni ya pili usikate kona kwanza. Nyoosha mkono mbele, kule ambako ungeendelea kwenda kama mpaka usingepinda. Mkono ukiwa umebaki palepale, geuka mpaka uitazame bikoni ya tatu. Kiasi ulichogeuka, tangu mkono ulipoelekea hadi uso unapotazama sasa, ndiyo pembe ya nje ya kona hiyo. Pembe ya ndani ni ile iliyo upande wa kiwanja, kati ya mpaka uliotoka nao na mpaka unaoingia.

Mkono wako na mpaka uliotoka nao viko kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mstari ulionyooka una nyuzi 180. Kwa hiyo, kwenye kila kona:

pembe ya ndani + pembe ya nje = 180

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anasikia "ya nje" anadhani ni eneo lote lililo nje ya kona, basi kona ya ndani ikiwa 110 anaandika 250. Hapana, ni 70. Kwenye karatasi, refusha upande mmoja kwa nukta kupita kona. Pembe ya nje iko kati ya zile nukta na upande unaofuata. Kila kona refusha upande mmoja tu, na ukianza kuzunguka kwa mwelekeo fulani usibadilishe njiani.

Sasa maliza mzunguko. Kata kona ya tatu, ya nne, ya tano, rudi kwenye bikoni ya kwanza na ugeuke hadi uitazame tena ya pili. Uko pale ulipoanzia, unatazama kulekule ulikokuwa unatazama. Mwili wako umezunguka mara moja kamili, na mzunguko kamili ni nyuzi 360. Kama kiwanja kingekuwa na kona tatu au saba, bado ungezunguka mara moja. Hata shamba la chai Mufindi lenye kona 30 litakugeuza nyuzi 360 zilezile. Kona zikiongezeka, kila moja inapata kidogo.

Jumla ya pembe za nje = 360, pande ziwe ngapi zisiwe ngapi.

Hatua ya 2: Kutoka nje kwenda ndani

Idadi ya pande tuiite n. Kila kona ina nyuzi 180 za ndani na nje kwa pamoja, kwa hiyo kona zote zina n × 180. Ondoa 360 za nje, kinachobaki ni za ndani:

jumla ya pembe za ndani = n × 180 − 360

Ile kanuni ya darasani, (n − 2) × 180, ni hiyohiyo, imeandikwa kwa namna nyingine. Pande 5: 900 − 360 = 540. Pande 15: 2,700 − 360 = 2,340.

Kama unataka kuhakikisha kwa njia ya pili, chora umbo la pande sita, chagua kona moja, uiunganishe kwa mistari na kila kona isiyo jirani yake. Utapata pembetatu nne, mbili pungufu ya pande, na kila moja ina nyuzi 180. Nne mara 180 ni 720. Mtoto akikuuliza kwa nini pembetatu ina 180, mpe karatasi na mkasi. Akate pembetatu yoyote, azichane kona zake tatu, azipange zikigusana ncha kwa ncha. Zitalala kwenye mstari ulionyooka.

Hatua ya 3: Umbo lenye pande na pembe zote sawa

Umbo likiwa na pande zote sawa na pembe zote sawa, zile 360 zinagawanywa sawasawa:

pembe moja ya nje = 360 ÷ n

Ya ndani unaipata kwa kutoa kwenye 180. Pembetano: 72 nje, 108 ndani. Pembesita: 60 na 120. Pembenane: 45 na 135, na mfano wake uko barabarani, kile kibao chekundu cha STOP kwenye njia zinazoingia barabara kuu. Umbo la pande 12: 30 na 150.

Ya pembesita iko kwenye kila gereji. Nati ya kawaida ina pande sita, kwa hiyo spana ya mdomo wazi ikitoka na kurudi inahitaji nafasi ya nyuzi 60 ili ishike upande unaofuata. Chini ya injini nafasi hiyo mara nyingi haipo. Ndiyo maana kichwa cha spana nyingi za namna hiyo kimepindishwa nyuzi 15 kutoka kwenye mpini: ukiigeuza chali, unapata kushika kila baada ya nyuzi 30. Spana ya mviringo yenye meno 12 ndani nayo inashika kila baada ya 30, kwa sababu 360 ÷ 12 ni 30.

Hatua ya 4: Kuichora bila kubahatisha

Tuchore pembetano ya pande sawa, kila upande sentimita 6. Chora mstari kutoka A hadi B. Urefushe kwa nukta kupita B. Weka kitovu cha kipimapembe juu ya B, mstari wake wa sifuri ulale juu ya zile nukta. Hesabu kutoka sifuri hiyo hadi 72, weka alama, piga mstari wa sentimita 6 hadi C. Rudia C, D na E. Upande wa tano unatakiwa ukurudishe A.

Kipimapembe kina safu mbili za namba, na 72 ya safu moja imekaa pamoja na 108 ya nyingine. Usiangalie ni ipi iliyo juu. Anza na sifuri iliyolala kwenye mstari wako na uifuate safu hiyohiyo hadi mwisho. Na penseli iwe imechongwa. Ukipunguza nyuzi moja tu kila kona, ukageuka 71 badala ya 72, umbo lako la sentimita 6 litaacha pengo la karibu milimita 4 na nusu kati ya mwisho na mwanzo. Pengo hilo linaonekana kwa macho, kwa hiyo mchoro wenyewe unakuambia kama ulipima vizuri.

Pembesita haihitaji kipimapembe. Piga duara kwa bikari, halafu bila kubadilisha upana wa bikari tembea nayo juu ya duara ukiweka alama. Alama ya sita itarudi ulipoanzia.

Ya pande saba ndiyo yenye ukorofi: 360 ÷ 7 ni 51.43 na desimali haziishi. Kwa kipimapembe utakadiria tu. Kwa rula isiyo na vipimo na bikari haiwezekani kabisa, jambo lililothibitishwa na Mfaransa Pierre Wantzel mwaka 1837. Cha ajabu, umbo la pande 17 linawezekana. Mjerumani Carl Friedrich Gauss alilionyesha mwaka 1796 akiwa na miaka 18.

Hatua ya 5: Kona inayoingia ndani

Viwanja vingi havina umbo zuri. Kuna kile chenye umbo la L, kimemegwa kona moja ili jirani apate njia. Kina kona sita: tano za nyuzi 90 na moja ambayo, ukiipima kwa upande wa ndani, ni 270. Jumla: 450 + 270 = 720. Ndiyo jumla ya pembesita, kanuni haijavunjika.

Na zile za nje? Kizunguke tena kiwanja kikiwa kushoto. Kona tano unageuka kushoto nyuzi 90 kila moja. Kwenye ile iliyoingia ndani unageuka kulia. Kugeuka kulia kunapunguza, kwa hiyo uhesabu hasi: 450 − 90 = 360. Ndani 270, nje −90, jumla bado 180. Sekondari swali la namna hii si la kila siku, lakini anayepima ardhi hulikuta mara kwa mara.

Hatua ya 6: Kupima kona za kiwanja na kujikagua

Huna kifaa cha mpima ardhi. Una tepu, kamba, vigingi na simu yenye kikokotoo. Kutoka kwenye bikoni, pima mita 3 ukifuata mpaka mmoja, piga kigingi. Pima mita 3 ukifuata mpaka wa pili, piga kigingi. Sasa pima umbali kati ya vigingi viwili. Umbali huo unakupa pembe:

mita 3.00 ni nyuzi 60
mita 4.24 ni nyuzi 90
mita 4.85 ni nyuzi 108
mita 5.20 ni nyuzi 120
mita 5.54 ni nyuzi 135

Kwa kipimo kingine chochote, gawanya umbali kwa 6, tafuta sin⁻¹ ya jibu (kikokotoo kiwe kimewekwa kwenye nyuzi), kisha zidisha kwa 2. Tepu ikisoma mita 4.32, gawanya kwa 6 upate 0.72, sin⁻¹ yake ni nyuzi 46, mara mbili, 92. Kama kona ni ile inayoingia ndani, njia hii inakupa pembe ndogo, ya upande wa jirani. Itoe kwenye 360 upate ya kwako.

Tuseme kile kiwanja cha Uyole kimekupa 92, 118, 104, 131 na 95. Zijumlishe: 540. Umepima vizuri. Kama ungepata 533, usianze kumlaumu jirani kuwa amesogeza bikoni. Kuna mahali tepu ililegea au ulisoma vibaya, rudia. Wapima ardhi wenyewe hufanya ukaguzi huu, wanajumlisha pembe za ndani na kulinganisha na (n − 2) × 180 kabla ya kuziamini. Na kona moja ikiwa haipimiki, mathalani imeangukia kwenye mfereji au kichaka, pima nne zilizobaki na utoe jumla yake kwenye 540.

Huku kwetu milimani kuna jambo la kuongeza. Ardhi ya Rungwe au Njombe hupanda na kushuka, na kanuni hizi zote ni za umbo lililolala bapa. Kiwanja kikipita juu ya kilima na kuingia bondeni, pembe ulizopima kwa kufuata ardhi zinaweza zisifike 540 hata kama hukukosea. Tepu ishikwe ikiwa imelala, siyo ikifuata mteremko, na ncha inayoning'inia ishushwe chini kwa timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni. Inachosha, hasa udongo ukiwa umelowa, lakini vipimo vya mteremkoni havina njia ya mkato.

Hatua ya 7: Kukata mbao

Fundi seremala mmoja wa Mafinga aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, fremu ya kona nne nakata 45 inakubali. Hii ya kona nane mbona 45 inakataa?"

"Fundi, unageuka mara ngapi ukiizunguka?"

"Nane."

"Basi zile 360 zigawe kwa nane."

"Arobaini na tano. Si ndiyo niliyokata?"

Pembe ya nje ilikuwa sahihi. Kilichomponza ni kwamba kila kiungo kina ncha mbili za mbao, na zinagawana ile 45. Kila ncha inakatwa nusu yake. Kwa hiyo pembe ya kukata, ukihesabu kutoka kwenye mkato wa skwea (ule wa nyuzi 90 na ukingo wa ubao), ni 180 ÷ n: kona nne 45, kona tano 36, kona sita 30, kona nane 22.5.

Ukiwa na mashine ya kukatia pembe unaiweka hapo na kazi imekwisha. Ukiwa na msumeno wa mkono, chukua upana halisi wa ubao. Upime kwa tepu, usiamini jina la inchi 4, maana ubao uliopigwa randa hupungua. Zidisha upana huo kwa 0.414 kama fremu ni ya kona nane, 0.577 kama ni ya sita, 0.727 kama ni ya tano. Kwa ubao wa milimita 95 na fremu ya kona nane: 95 × 0.414 = 39. Piga mstari wa skwea, kwenye ukingo utakaokuwa wa ndani rudi milimita 39 kuelekea katikati ya kipande, unganisha alama hiyo na mwisho wa mstari wa skwea kwenye ukingo wa nje. Hapo ndipo msumeno unapopita. Ncha ya pili iinamie upande wa pili, ili ukingo wa nje ubaki mrefu kuliko wa ndani.

Kata vipande vyote kabla ya kugonga msumari hata mmoja, uvipange chini. Ukikata 22 badala ya 22.5, kila kiungo kinapungukiwa nyuzi moja, na kwenye viungo nane unakosa nyuzi 8. Kiungo cha mwisho kitaachama, na hakuna gundi ya kukificha.

Kwa nini sakafu haina pembetano

Ukitaka kujua kama umbo la pande sawa na pembe sawa litapangika sakafuni bila pengo, angalia pale kona zinapokutana: lazima zijaze 360. Pembesita tatu zinajaza, 120 mara tatu, na ndivyo masega ya nyuki yalivyo. Miraba minne inajaza, pembetatu sita zinajaza. Pembetano tatu zinafika 324 tu na ya nne haiingii. Pembenane peke yake haikubali, lakini mbili zikikutana na mraba mmoja, 135 + 135 + 90, zinatimia. Kuna vigae vya sakafu vinavyotengenezwa kwa mpango huo.

Wakati mwingine pengo ndilo linalotakiwa. Mpira wa Kombe la Dunia la 1970 kule Meksiko ulikuwa na vipande 12 vya pembetano na 20 vya pembesita. Kwenye kila kona inakutana pembetano moja na pembesita mbili: 108 + 120 + 120 = 348. Nyuzi 12 zinakosekana, ngozi ikivutwa kuziba pengo hilo inapinda, na mpira unapata uduara wake.

Maswali ya mtihani

Pembe ya ndani ya umbo la pande sawa ni 156. Pande ngapi? Usiguse kanuni ndefu. Nje ni 180 − 156 = 24, na 360 ÷ 24 = 15.

Pembe ya ndani ni mara tano ya pembe ya nje. Ya nje iwe x: 5x + x = 180, x = 30, pande 12.

Jumla ya pembe za ndani ni 1,980. Hapa ndipo (n − 2) inapofaa: 1,980 ÷ 180 = 11, pande 13. Wengi huandika 11 na kuondoka.

Je, lipo umbo la pande sawa lenye kila pembe ya ndani nyuzi 130? Nje 50; 360 ÷ 50 = 7.2. Halipo, kwa sababu hakuna upande wa sehemu mbili za kumi.

Pembetano ina pembe x, x + 20, 2x − 10, 110 na 120. Jumla: 4x + 240 = 540, x = 75. Usiishie kwenye x kama swali limetaka pembe zenyewe: 75, 95, 140, 110, 120. Zijumlishe uone kama zinafika 540.

Haya fanya mwenyewe. (a) Pembe ya nje ya umbo la pande 20. (b) Idadi ya pande ikiwa ya ndani ni 162. (c) Pembe za pembenne zenye uwiano 2:3:3:4. (d) Pembe ya kukatia mbao za fremu ya kona 10.

Majibu: (a) 18, (b) 20, (c) 60, 90, 90, 120, (d) 18. Aliyegundua kuwa (a) na (b) ni umbo moja yuko tayari kwa mtihani.